Kulala Kando ya Galana, Mto Tunaounywa Bila Kuujua

Kila alfajiri katika nyumba za Mombasa hufunguliwa bomba, au hutekwa maji ya ndoo pale bomba linapokauka, na watu wakatia udhu. Ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza maji hayo yametoka wapi. Sehemu yake hutoka chemchemi za Mzima, zilizoko Tsavo Magharibi, ambako tangu miaka ya 1950 palilazwa mabomba ya kuyaleta hadi pwani. Sehemu nyingine huvutwa Baricho, ukingoni mwa Mto Sabaki, nyuma ya Malindi. Na huo Sabaki ni Galana ule ule unaoikata Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki. Hubadilisha jina tu unapoikaribia bahari.

Basi sisi watu wa pwani tumekuwa tukinywa maji ya Tsavo, tukipikia na kutilia udhu, na wengi wetu hatujawahi kuitia machoni isipokuwa kwa dirisha la basi la Nairobi. Wageni hushuka uwanja wa ndege, wakalala usiku mmoja Diani au Watamu, na siku ya pili wamo njiani kwenda kuwatazama ndovu wetu. Sisi tulio karibu tunasema huko ni kwa wazungu.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, nyumba tatu za mtaa mmoja wa Mji wa Kale tuliazimia kwenda kulala huko siku mbili: usiku wa kwanza katika mahema yetu wenyewe kando ya mto, na wa pili katika vibanda vya kukodi karibu na Voi. Tulikuwa watu kumi na watatu: kina mama sita, wanaume watatu na watoto wanne. Mkubwa wetu alikuwa bibi aliyepindukia miaka sabini, na mdogo wetu msichana wa miaka sita.

Bibi hakukataa, ila alituuliza maswali matatu. "Tutajisitiri wapi? Tutasali vipi? Na mtoto akitoka nje usiku, nani wa kumrudisha?"

Tunayaandika maswali yake hapa kwa sababu tunajua ndiyo yanayowazuia kina mama wengi. Mawili ya kwanza tuliyajibu nyumbani, kwa kupanga. La tatu tulidhani tumelijibu.

Kuelekea lango la Sala

Kutoka Mombasa ziko njia mbili mashuhuri. Ya kwanza ni barabara kuu ya Nairobi, yenye lango la Bachuma na, mbele yake, lango la Voi. Ya pili hupitia Malindi, kisha hukata bara kwa Ganda, Kakoneni na Langobaya, ikiandamana na mto hadi lango liitwalo Sala, mwendo wa kiasi cha kilomita 110 kutoka Malindi. Tulichagua hii ya pili kwa sababu tulitaka kuufuata mto kutoka mwisho wake kurudi juu. Bibi naye aliposikia jina la lango alisema hiyo ni fali njema.

Hapo langoni mambo si kama zamani. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, halipokei fedha taslimu. Ada hulipwa mapema kwa mtandao wa serikali, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, madhali amebeba kitambulisho chake. Tena tangu Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja na kutupwa imepigwa marufuku katika hifadhi zote za taifa. Chupa ndogo za maji, vijiko vya plastiki na sahani za kutupa haviingii. Tulilijua hilo, tukabeba maji katika madumu makubwa, chai katika chupa za moto, na sahani za bati ambazo kila mmoja alipewa ya kwake aichunge na kuiosha.

Tsavo ikaundwa kuwa hifadhi mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa Mashariki na Magharibi. Upande wa Mashariki peke yake una eneo lipitalo kilomita za mraba 13,000. Kabla ya mipaka hiyo, nchi hii ilikuwa malisho na mawindo ya watu, wakiwamo Wawaata, wawindaji waliosifika kwa pinde nzito ambazo si kila mwanamume angeweza kuzivuta. Pembe za ndovu zilizotoka bara zikapakiwa katika majahazi ya bandari zetu. Si vibaya watoto wetu wakalijua hilo nalo, kwamba kwa karne nyingi pwani ilikuwa mlango ambao ndovu alitokea akiwa pembe tu.

Hatukukawia kuwaona walio hai. Kundi la ndovu kumi na moja lilikuwa limesimama kando ya njia, wote wekundu kama matofali, kwa kuwa hujipaka udongo wa nchi hiyo mwilini kujikinga na jua na wadudu. Ndovu jike alichota vumbi kwa mkonga, akajirushia mgongoni, kisha akachota tena. Msichana wetu wa miaka sita alitazama kwa makini, akamgeukia bibi.

"Bibi, ndovu nao wanatayamamu?"

Gari zima liliangua kicheko, na bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Sitara

Swali la kwanza la bibi lina jibu zuri kuliko tulivyotaraji. Sehemu za kupiga hema katika hifadhi zetu ni za namna mbili. Kuna za umma, ambapo familia yoyote hufika na kukaa, kama Ndololo iliyoko karibu na Voi, chini ya miti ya migunga. Na kuna sehemu maalumu, ambazo kundi moja hukodi kwa siku zake na mtu mwingine haruhusiwi kupiga hema hapo. Sehemu maalumu haina bomba, haina choo wala jengo. Lakini ina faragha, na kwa familia iliyo na kina mama na wasichana wakubwa, faragha ni nusu ya raha.

Tulisimamisha mahema matano kwa nusu duara. La kina mama lilikaa nyuma, mlango wake ukielekea kichakani. Pembeni tukafunga kanga kati ya vigingi vinne kuwa bafu, na jingine likawa la choo cha ndoo chenye mfuniko. Wanaume walilala mahema mawili ya mwisho, upande wa mto. Magauni ya dira yalitufaa kuliko vazi lolote, kwani mtu hulala nalo, huamka nalo, na akitupia mtandio yuko tayari kwa lolote. Mama mmoja aliyekuwa na wasiwasi kuliko sote alikiri jioni ile kwamba katika hoteli ya ufuoni, ambapo watu hupitapita mbele ya dirisha, hajawahi kujisikia kusitirika hivi.

Kando ya maji ilisimama mikoche, mirefu, yenye vichwa viwili na vitatu. Wasichana waliambiwa kuwa huu ndio mti utoao miyaa, na ya kwamba mkeka waliokuwa wamekalia ulianza maisha yake katika jani kama lile. Mama mmoja aliyelelewa Lamu aliokota jani lililoanguka, akalichana kwa kucha, na kabla ya chai kuiva alikuwa ameshawafundisha kusuka njia tatu.

Wingi wa chakula tuliupika nyumbani: mahamri, mbaazi za nazi, na nyama iliyokwisha kukaangwa. Wali tuliupika pale pale kwa makaa yetu, kwa kuwa kuni za hifadhini si za kukata. Kila kilichobaki, hata ganda la ndizi, kilifungiwa garini. Harufu ya tunda ndani ya hema humwita nyani mchana, na usiku humwita mkubwa kuliko nyani.

Kibla ng'ambo ya mto

Swali la pili nalo lilikuwa jepesi. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Tsavo, kama ilivyo kwa Mombasa. Galana hutiririka kuelekea mashariki, nasi tulikuwa ukingo wa kusini. Basi aliyeuelekea mto alikuwa ameelekea Kibla. Tulitandika mikeka safu mbili, mbali na ukingo, tukasali huku maji yakipita mbele yetu kutoka kushoto kwenda kulia.

Msafiri amefanyiwa wepesi, na wepesi huo una hekima ambayo mtu haioni akiwa mjini. Tulipunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, tukakusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Saa moja na nusu za usiku tulikuwa tumekwisha kusali na kula, na hapakuwa na haja ya mtu yeyote kutoka nje gizani. Kwa ufafanuzi wa masafa na siku, kila familia iwaulize masheikh wake kabla ya kuondoka.

Ulikuwa usiku wa mwezi kumi na tatu. Mto uling'aa kama sinia la fedha, na viboko wakaanza kukoroma. Askari wa hifadhi tuliyepewa kulala nasi, kijana mtaratibu wa maneno machache, aliketi kando ya moto na kutuonya mara mbili. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, alisema, na akikuta mtu amesimama kati yake na maji, hamwombi njia. Mamba yeye hasikiki. Asiyeonekana ndiye wa kuogopwa.

Tukasema tumesikia.

Alfajiri ile

Sasa tufike kwenye swali la tatu, na kosa lililokuwa letu sote.

Tulikuwa na madumu sita ya lita ishirini. Kwa watu kumi na watatu, kwa usiku mmoja, tuliona ni mengi. Jioni ile tuliosha sufuria kama tunavyoosha nyumbani chini ya bomba, tukasuuza mara mbili, tukawaogesha watoto vumbi, tukamwaga na kuteka tena. Hakuna aliyehesabu. Tulipolala, lilikuwa limebaki dumu moja tu limejaa, tulilolifungia garini kwa ajili ya kunywa, na jingine lenye maji ya chini chini.

Kabla ya alfajiri mvulana wetu wa miaka kumi na mmoja aliamka kabla ya watu wazima. Ni mtoto wa chuo, hapendi kuamshwa. Alichukua kopo, akaenda kwenye dumu, akaliinamisha, likatoa matone. Gari lilikuwa limefungwa na hakutaka kuwaamsha wakubwa. Na mbele yake, hatua kama sitini hivi, palikuwa na mto mzima wa maji.

Akashika tochi na kopo lake, akaushuka ukingo.

Tulichokisikia sisi ni sauti ya askari. "Kijana! Simama hapo hapo! Usisogee!" Haikuwa sauti ya yule mtu mtaratibu wa jana. Tulitoka mahemani tukipigana vikumbo. Mvulana alikuwa amesimama juu ya mchanga, kopo mkononi, hatua kama nane kutoka majini. Askari alikuwa ameshamfikia na kumshika bega. Akaelekeza tochi yake kubwa kwenye maji ya chini yaliyotulia, hapo hapo palipokuwa rahisi kuteka. Tuliona macho mawili mekundu, kisha hatukuyaona tena.

Mama yake hakulia wala hakumgombeza. Alimkumbatia tu, na ilichukua muda kabla ya yeyote kusema neno. Mtoto ndiye aliyesema kwanza. "Nilitaka kutia udhu."

Bibi aliketi juu ya mkeka, akamvuta karibu. "Wewe huna kosa, mjukuu wangu," alimwambia. "Maji yako tuliyamwaga sisi jana."

Tulisimama pale tukiwa na lita ishirini za kunywa, watu kumi na watatu, na safari ya nusu siku mbele yetu katika nchi kame. Mmoja wetu, ambaye hufundisha madrasa, alisema jambo ambalo sote tulilisoma utotoni na hatukuwahi kulihitaji: maji yanayohitajiwa kwa kiu hayalazimishwi kuwa ya udhu, na mwenye kumhofia mnyama kati yake na maji ni kama aliyeyakosa. Tukatayamamu kwa vumbi jekundu la Tsavo. Bibi alipiga viganja vyake ardhini polepole, akapangusa uso, kisha mikono. Katika miaka yote ya sala zake, alituambia baadaye, ilikuwa mara yake ya kwanza. Msichana mdogo alimtazama, akatutazama sisi sote, lakini mara hii hakuuliza kuhusu ndovu.

Tulisali, na jua likatokea upande wetu wa kulia.

Maji yaendako

Baada ya chai, askari alitupeleka kwenye maporomoko yaitwayo Lugard, kwa jina la Frederick Lugard aliyepita njia ya Sabaki mwaka 1890 akielekea Uganda. Si maporomoko ya kuanguka kutoka juu. Ni mahali ambapo mto mpana hubanwa na miamba, ukaingia katika ufa mwembamba na kuchemka humo kama chungu. Miamba ina mistari ya waridi na kijivu, imechongwa na maji ikawa mashimo na mabakuli. Ufa unaonekana mwembamba kiasi cha kumshawishi kijana aruke, na mwamba ni laini kama sabuni. Safari hii kila mtoto alishikwa mkono, hata wale waliojiona wakubwa. Chini kidogo ni mahali paitwapo Ncha ya Mamba, na baada ya alfajiri ile hakuna aliyehitaji kuelezwa jina hilo.

Hapo tuliwaonyesha watoto jinsi mto unavyoungana. Athi hutoka nyanda za Nairobi ukiwa umebeba mema na taka za mji mkuu. Mto Tsavo hupata maji safi ya Mzima, yaliyochujwa chini ya milima ya Chyulu. Hiyo miwili ikikutana, huzaliwa Galana. Mvua ikinyesha bara, udongo mwekundu hushuka wote hadi Malindi na kuitia bahari rangi ya chai. Watoto wa pwani huiona bahari ile na kuichukia kwa kuwa haifai kuogelea. Sasa wetu wanajua ni udongo wa nani.

Askari alitueleza pia habari za ukame wa mwaka 2022. Mwaka ule serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba ndovu 205 walikufa nchini kwa ukosefu wa maji na malisho, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Alisema maneno machache tu, kisha akanyamaza. Nasi tukakumbuka sufuria zetu tulizozisuuza mara mbili.

Vibandani

Usiku wa pili tulilala karibu na Voi, katika vibanda viwili vyenye vitanda, vyandarua, jiko na bafu. Kwa familia iendayo mara ya kwanza, au iliyo na mzee au mtoto mchanga, tunashauri kuanza na vibanda. Gharama yake hupita ya hema, lakini mkigawana nyumba mbili au tatu haiwi kubwa, na mlango wenye komeo humpa mama usingizi. Bibi alilala mapema. Lakini asubuhi alipoulizwa usiku upi ulikuwa bora, alijibu bila kusita kwamba ni ule wa mtoni.

Kwa atakaye kwenda, haya ndiyo tuliyojifunza. Nendeni katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, njia zikiwa kavu na wanyama wakisogea majini. Lipeni ada na kuweka nafasi mapema. Ombeni askari wa kulala nanyi, na mumsikilize. Chukueni vyandarua au mahema yenye wavu, na dawa za kila mgonjwa. Fikeni kambini jua likiwa bado juu, maana kutembeza gari usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Maji pimeni kwa kichwa: ya kunywa kwanza, ya udhu yatengwe katika dumu lake, liwekwe mlangoni mwa hema ambapo mtoto atalifikia bila kuuliza. Kopo moja lajitosha kwa udhu wa mtu mmoja na likabaki. Na kabla ya kulala mtu mzima mmoja ateuliwe kuwa wa kwanza kuamka.

Tangu chuoni tumefundishwa kwamba israfu ya maji haifai hata kwa aliye kando ya mto utiririkao. Tulikuwa tukilisikia hilo kama mfano tu, la kupigia mkazo. Hatukujua kwamba siku moja tutaketi kando ya mto wenyewe, tukiwa tumemwaga yetu, na mtoto wetu aende kuyatafuta penye mamba.

Tulirudi Mombasa kwa barabara kuu, vumbi jekundu likiwa bado katika pindo za mabuibui. Kesho yake alfajiri yule mvulana alifungua bomba la nyumbani. Mama yake alisema alisikia maji yakitoka kidogo, kisha bomba likafungwa, kisha likafunguliwa tena kidogo. Hakumwambia mtu. Alhamdulillahi, alikuwa nyumbani, na alikuwa anatia udhu.